Sufuria Mliyonisugulia

Wapendwa wangu wa maabara,

Sherehe mliyonifanyia ilikuwa nzuri, na pilau ilikuwa na nyama kuliko nilivyotegemea kwa ofisi yetu. Saa ya ukutani nimeitundika sebuleni. Khanga nimeshazikata, na moja nimeshaivaa. Sasa tuje kwenye ile sufuria.

Mliichukua kimyakimya kwenye rafu ya juu, mkaisugua kwa waya na sabuni ya unga mpaka ikawa kama imetoka dukani, mkaifunga kwa karatasi ya maua na utepe mwekundu, mkanikabidhi mbele ya watu. Nikaifungua, nikanyamaza. Neema akadhani nimezidiwa na furaha, akaanza kupiga makofi, na nyie wote mkafuata. Miaka yote mmekuwa mkiulizana kwa nini Bi Mwajuma, anayemrudisha mtu kuosha chupa upya kwa alama ya kidole kimoja, anaweka sufuria nyeusi tii ndani ya maabara na hataki iguswe. Nilikuwa nawajibu, "Hiyo achaneni nayo." Basi mkaona mnifanyie wema. Sijakasirika. Ila nimeona niwaandikie ilikotoka, maana sasa inang'aa kama sufuria nyingine yoyote na hakuna atakayeiuliza tena.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Faili langu liko utumishi, mkilipata mnaweza kulisoma.

Nyie mnanijua kwa kupima maji hapo Mikocheni, mkadhani nilizaliwa nimeshika chupa ya maji. Mie nilianzia kwenye vumbi la chuma. Ilikuwa miaka ya Azimio la Arusha, nimetoka kumaliza kidato cha nne, binti wa Kizaramo wa Temeke, mwembamba, na viatu vya kuazima kwa binamu. Kulikuwa na kituo cha majaribio upande wa barabara ya Pugu, ndani ya uzio wa mabati, ukuta kwa ukuta na karakana iliyokuwa ikiyeyusha vyuma chakavu. Jina la kituo siliandiki. Kimeshakufa, na waliokuwa wakubwa wake wana wajukuu.

Nchi ilikuwa inataka chuma chake yenyewe cha majembe na mapanga, siyo cha kuagiza kwa meli. Mawe yenye chuma yaliletwa kwa malori kutoka kusini, na njia zilivyokuwa, yalifika nusu yake imekuwa vumbi. Sasa vumbi huwezi kulitia kwenye tanuru kubwa. Linaziba hewa, na moto unakufa. Lazima kwanza ulioke lishikane, liwe mabonge yenye matundu. Ndiyo ilikuwa kazi yetu. Unachanganya lile vumbi na chokaa, makaa yaliyosagwa na maji kidogo, unajaza kwenye chungu kikubwa cha chuma chenye kitako cha matundu, unawasha moto juu, na feni iliyo chini inavuta hewa kwenda chini. Moto unashuka pole pole mpaka kitakoni. Ukipindua chungu linatoka bonge jeusi, gumu, lenye vitundu kila mahali. Wahandisi walikuwa na jina lake la Kizungu. Sie tuliliita kashata.

Siku ya kwanza nilipokewa na Ndugu Mbwambo, mhandisi wetu, kijana wa Kipare aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Ulaya. Alikuwa mpole, mwenye haraka, na alipenda kueleza jambo huku anatembea, kwa hiyo nusu ya mafunzo yangu niliyapata nikimkimbilia. Akanionyesha chumba cha maabara: meza, mizani, chupa za tindikali na dirisha lisilofungika. Kazi yangu ingekuwa kupima kinachoingia kwenye chungu na kinachotoka. Halafu akasema mtu asiyejua chungu hawezi kujua anapima nini, akanikabidhi kwa Mzee Chitanda.

Mzee Chitanda alikuwa Mmakonde wa Newala, mkuu wa moto, mfupi, mwenye chale usoni na sauti ndogo ambayo hakuwahi kuipandisha hata feni ikivuma. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa ufagio. Nikafagia kuzunguka chungu wiki nzima. Nilinuna, nikidhani cheti changu hakikuwa cha kufagilia. Baadaye nikaona kwamba kwa kufagia nilikuwa nimeshajua vumbi la kila aina linalala wapi, lipi zito, lipi linaruka, lipi linawasha pua. Ndipo akanifundisha kupima maji ya mchanganyiko kwa kiganja. Unakamata konzi, unaminya kama tonge la ugali. Likishikana na ukiligusa kwa kidole gumba likapasuka, liko sawa. Likibaki zima, maji yamezidi, na hewa haitapita. Akanifundisha pia kusikiliza feni. Moto ukiwa juu feni inavuta kwa taabu, moto ukifika chini inavuta kwa raha, na sauti inabadilika. Hadi leo nikisikia pampu yenu pale nje najua kama chujio limeziba, na mnaniona mchawi.

Mambo yalikuwa mazuri, isipokuwa moshi. Makaa ya mawe tuliyokuwa tunatumia yalikuwa na salfa nyingi. Chungu kikiwaka, bomba lilitoa moshi wa rangi ya manjano chafu, wenye kukaba koo. Juu ya hayo, ili kubana matumizi ya mawe ya kusini, tulichanganya na vumbi lililokuwa likikusanywa kwenye karakana ya jirani, maana lilikuwa na chuma ndani yake na tulipewa bure. Upepo ukivuma kutoka kusini, moshi wote unalala juu ya nyumba zilizokuwa nyuma ya uzio.

Balozi wa nyumba kumi wa pale alikuwa Bi Somoe. Mjane, mnene, mtaratibu wa kutembea, kadi ya chama imeviringishwa kwenye pindo la khanga. Alikuwa anapika visheti na kuwauzia watoto wa shule. Mumewe, Mzee Saidi, alizikwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kwenye uzio wetu, na kila Ijumaa alifagia lile kaburi mwenyewe.

Siku moja akaja getini na sinia ya visheti iliyofunikwa kawa. Mlinzi akadhani analeta biashara, akamruhusu. Akaenda moja kwa moja mpaka alipo Ndugu Mbwambo, akafunua. Visheti vilikuwa na punje nyeusi juu ya sukari, kama vimemwagiwa pilipili manga. Akamwambia bila kupandisha sauti:

"Kula, mwanangu. Ukimaliza kimoja, niambie kama niwauzie watoto."

Mbwambo alichukua kimoja, akala. Alitafuna muda mrefu. Akasema, "Usiwauzie, mama." Bi Somoe akafunika sinia, akasema basi leo biashara yake imeisha mapema, akaondoka zake.

Mbwambo akawaandikia wakubwa wa mjini kuomba muda wa kurekebisha moshi. Jibu likaja na lilikuwa fupi. Kituo ni cha taifa na hakiwezi kusimama. Mpaka upepo wa kusi utakapoanza, moshi uwe umetulia, la sivyo watakaohama ni wale wa nyuma ya uzio, wapelekwe kwenye kijiji kipya huko nyuma ya Pugu. Habari ikamfikia Bi Somoe siku ile ile, maana hakuna siri inayovuka uzio wa mabati. Nilipokutana naye kisimani aliniuliza jambo moja tu: je, huko watakakompeleka, na Mzee Saidi atachukuliwa? Nikavuta ndoo yangu. Akasema, "Basi fanyeni kazi, mwanangu Mwajuma."

Tukafanya kazi. Kwanza tuliacha makaa ya mawe, tukatumia chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia kwa wauza mkaa. Tulizunguka Temeke yote kuzikusanya na lori, watu wakituona vichaa kununua uchafu. Moshi wa manjano ukapungua sana, salfa ikaisha karibu yote. Lakini chenga za mkaa zilikuwa haziungui vizuri ndani ya mchanganyiko, zilitoa moshi mweusi mzito, na kashata ikatoka mbichi katikati.

Hapo ndipo visheti vilipotusaidia. Jumamosi moja nilikwenda kumsaidia Bi Somoe kukaanga. Visheti, kama mnavyojua nyie mnaovinunua kwenye mifuko, huvikaangi na sukari. Unakaanga kwanza, halafu unavigeuzageuza ndani ya shira mpaka sukari inavishika kwa nje. Nikiwa nageuza karai nikajiuliza kwa nini mkaa wetu tunauzika ndani kabisa ya tonge la vumbi na maji, mahali hewa haifiki. Jumatatu nikamwambia Mbwambo. Akasema amewahi kusoma kitu kama hicho, alikuwa anasita kwa kuwa hatuna mashine. Mzee Chitanda akasema pipa lipo. Tukachukua pipa la mafuta, tukalilaza kwenye vyuma, tukalitia mkono wa kuzungushia. Vumbi la chuma, chokaa na maji yakaviringishwa kwanza mpaka yakawa vidonge vidogo, na mkaa ukatiwa mwishoni, ukavivaa kwa nje. Ulipowashwa moto, sote watatu tulikuwa tumesimama tunatazama bomba kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Moshi mweusi ulitoka kidogo, ukakata.

Mbwambo akaongeza kingine. Alitengeneza kofia ya bati juu ya chungu ili sehemu ya moshi wa moto irudi kuvutwa tena badala ya kwenda nje. Na mwisho tukajenga chumba cha matofali kati ya feni na bomba, ndani tukatundika magunia yaliyolowekwa maji ya chokaa. Moshi ulipita kwenye magunia hayo, ukaacha vumbi lake pale. Kila magunia yakikauka tuliyakung'uta, tukayaloweka upya. Lililokung'utwa lilikuwa vumbi laini sana, rangi ya kijivu inayokaribia nyeupe. Tulilirundika kando ya uzio, tukisubiri kupangiwa pa kulitupa. Kupangiwa, kwa miaka ile, kulikuwa na mwendo wake.

Kusi likaanza. Wakubwa wakaja, wakasimama nyuma ya uzio, wakatazama shuka nyeupe ambazo Bi Somoe alikuwa amezianika makusudi tangu asubuhi. Zilibaki nyeupe. Wakasema wameridhika kwa sasa, na watarudi kusi likimalizika kutoa uamuzi wa mwisho. Bi Somoe alituletea visheti sinia nzima, safi, vya bure. Mbwambo alikula mpaka nikamwonea haya. Mzee Chitanda, ambaye hakuwa mtu wa sifa, alisema, "Moshi sasa umekuwa mtu mzima." Nilifurahi mno. Nilikuwa binti mdogo, na nilijiona nimeokoa nyumba kumi na kaburi moja.

Mfungo ukaingia. Bi Somoe akanialika kufuturu. Nikaingia uani, nikamkuta mjukuu wake Hadija, mtoto mdogo bado wa kubebwa ubavuni, amelala kwenye mkeka, analialia kwa tumbo. Mama yake akasema ni michango, na watoto wengi pale mtaani wameshikwa nayo tangu mwezi uliopita. Nikageuka kuweka khanga yangu, nikaona kichanja cha vyombo. Sufuria zilikuwa zinang'aa. Nyie hamkuishi enzi ile. Sabuni ilikuwa adimu, mnapanga foleni duka la ushirika mnarudi na kipande cha kugawana. Wanawake walisugua vyombo kwa majivu na mchanga, na mwanamke alijulikana kwa kitako cha sufuria yake. Lakini majivu hayafiki pale. Zile sufuria ungeweza kujitazama ukapaka wanja.

Nikamsifia. Akacheka kwa raha, akaniambia ni lile vumbi letu la magunia. Laini, halikwaruzi, linang'arisha mara moja. Mabati ya uzio yameachana mahali, wanachota kwa kopo. Na kwa kuwa yeye ni balozi, asije mtu akachukua yote peke yake, alikuwa analigawa mwenyewe, kopo moja kila nyumba.

Nilikuwa nimeshapima lile vumbi, kwa ajili ya kujua chuma kimepotea kiasi gani. Chuma kilikuwa kidogo. Kilichokuwa kingi ni risasi, ile ya kwenye betri za magari, sumu inayowaanza watoto. Ilitoka karakana ya jirani, kwenye lile vumbi la bure, maana walikuwa wakiyeyusha kila walichokiokota. Ndani ya chungu joto liliifanya iwe mvuke, na mvuke ukanaswa na magunia yetu. Zamani ilikuwa inatawanyika hewani, kila mtu anapata kidogo. Kadiri tulivyouosha moshi, ndivyo tulivyoikusanya yote mahali pamoja, laini, tayari kwa kuchotwa. Tende niliirudisha kwenye sahani. Nilimwambia Bi Somoe naomba sufuria moja ya kuazima, asiniulize, na usiku huu uji wa mtoto upikwe kwenye chungu cha udongo.

Kesho yake nikafuta ndani ya sufuria kwa pamba yenye siki, nikaikamulia kwenye glasi, nikatia matone ya dawa inayoitwa iodidi. Risasi ikiwepo, maji yanageuka njano kama binzari. Nikaomba yasigeuke. Yakageuka.

Nilikwenda kwa Mbwambo na glasi mkononi. Aliitazama, akakaa chini, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anaeleza jambo akiwa amekaa. Alisema leo hii tunaacha vumbi la karakana, kashata ipungue ikipungua. Rundo litafukiwa kwenye shimo la zege. Lakini wakubwa lazima waambiwe, na yeye anajua watakachosema: watu wale wako karibu mno, wahamishwe. Tuliangaliana. Tulikuwa tumetumia mwaka mzima ili neno hilo lisitamkwe, na sasa tunakwenda kulitamka wenyewe.

Akasema Bi Somoe aambiwe kwanza, na yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia. Tukaenda sote watatu, pamoja na Mzee Chitanda. Bi Somoe alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwonyesha glasi. Hakulia. Alimwangalia Hadija pale mkekani, akaangalia viganja vyake.

"Nimewagawia kwa mkono wangu," akasema. "Kopo kwa kopo. Na aliyekuwa hana kopo nilimwazima langu."

Mbwambo akamweleza kuhusu wakubwa, kwamba wakiambiwa huenda wakawahamisha, akamwuliza anasemaje. Bi Somoe akasema, "Waambie. Mzee Saidi nitamwomba radhi mie mwenyewe." Hapo ndipo nilipolia, na nilikuwa mgeni kwenye msiba usio wangu.

Jioni ile akaita kikao cha nyumba kumi. Watoto walipelekwa hospitali wote, na daktari akaambiwa cha kutafuta. Vumbi lililobaki majumbani likarudishwa. Lakini kuna wanawake hawakuamini. Walisema wasomi wa kituo wanalionea wivu vumbi lao, wanataka kuliuza. Mmoja alikuwa na harusi ya binti karibuni, na alimwambia balozi wazi kwamba hawezi kupokea wakwe kwa sufuria zenye masizi. Bi Somoe akajua maneno hayatoshi. Akatoa amri ambayo sijapata kuisikia tena popote: kuanzia siku ile hakuna sufuria itakayosuguliwa kitako. Ndani ioshwe kwa maji ya moto, nje iachwe iwe nyeusi, na kichanja kiwekwe mbele ya nyumba badala ya uani. Kila asubuhi alizunguka na bakora yake kuangalia vitako. Cheusi, anatoa salamu, anapita. Kinachong'aa, anaingia ndani, na humsikii akitoka upesi. Kwa wanawake wa Pwani ilikuwa aibu kubwa, vyombo vyao vyeusi kuonwa na kila mpita njia. Harusi ikafanyika na sufuria nyeusi. Wakwe walisema walichosema.

Kusi likaisha, wakubwa wakarudi. Mbwambo alikuwa amejiandaa kuwaambia uso kwa uso, na mie nilibeba boksi langu la chupa. Lakini kabla hajafungua mdomo, mkubwa wa msafara, bwana mmoja mrefu mwenye suti ya mikono mifupi, aliona vichanja. Nyumba ya kwanza, sufuria nyeusi. Ya pili, nyeusi. Akasimama, akatikisa kichwa, akasema anaona moshi bado unawachafulia hawa wananchi vyombo, na hakuna haja ya kuendelea kukagua. Wahamishwe. Karani akaanza kuandika. Mbwambo akasema, "Ndugu, siyo moshi," lakini karani akaendelea kuandika.

Bi Somoe akaenda kwenye kichanja chake, akachukua sufuria, akaja nayo mbele ya yule bwana. Akaigeuza kitako juu.

"Haya ni masizi ya kuni zangu, baba. Zilipokuwa zinang'aa ndipo watoto walipokuwa wanaugua."

Yule bwana akauliza maana yake nini. Mbwambo akaeleza yote, hakuficha hata moja, pamoja na kwamba sisi ndio tuliolirundika vumbi kando ya uzio. Mie nikaonyesha glasi mbili, ya sufuria ya zamani yenye njano, na ya sufuria nyeusi, maji meupe. Bi Somoe alimalizia kwamba kama ni kuhama watahama, watoto kwanza, ila yeye hajui hilo vumbi lingine litagawiwa na nani huko litakakotupwa. Yule bwana aliitazama tena ile glasi ya njano. Halafu akamwambia karani afute. Nyumba zibaki, vumbi la karakana lisiingie tena kituoni, na shimo lijengwe kwa zege na kufunikwa. Wakati anaingia kwenye gari akauliza kama sasa wanawake wanaweza kusugua sufuria zao. Bi Somoe akasema siku shimo likifunikwa.

Saruji ilichelewa mpaka masika yakawa yanabisha hodi. Mzee Chitanda alikaa analinda lile rundo chini ya turubai kama mtu anayelinda maiti. Lilipofunikwa, nyumba zote zikasugua vyombo siku moja, kwa majivu na mchanga, kelele tupu. Bi Somoe peke yake aliiacha ile moja aliyomwonyesha yule bwana. Nilimwuliza kwa nini. Akasema akiiona nyeusi anajua walau ni masizi yake mwenyewe.

Watoto walipona, tuseme hivyo. Hadija alichelewa kusema na alichelewa kusoma, na hakuna daktari aliyeweza kuniambia kama ni risasi au ndivyo alivyozaliwa. Kituo kiliendelea miaka kadhaa, kashata yetu ikawa safi kweli, majembe yakatoka. Halafu feni ikaharibika, kipuri kikahitaji fedha za kigeni, na mambo yakawa hivyo. Mbwambo alihamishwa. Mzee Chitanda alirudi Newala na ule ufagio, nadhani, maana haukuonekana tena. Mie nikaomba kuja kwenye maji, kwa sababu nilitaka kupima kitu ambacho watu wanakiweka mdomoni.

Ndiyo maana kila mkiniletea habari ya chujio jipya huwa nawauliza kilichochujwa mnakipeleka wapi, na nyie mnajibu "kitatupwa tu, mama," na mie nawarudisha.

Bi Somoe alifariki nyumbani kwake na akazikwa kando ya Mzee Saidi, pale pale. Hadija ndiye aliyeniletea sufuria maabara, akasema bibi ameagiza. Nikaipandisha kwenye rafu ya juu, haikushuka mpaka mlipoishusha.

Sasa nimestaafu na nina jiko la kuni uani, wanangu wananicheka wakati gesi ipo. Leo nimeibandika, nimetia maharage. Kuni zilikuwa mbichi kidogo, moshi ukanitoa machozi, nikamwachia Hadija, ambaye siku hizi anakaa nami. Maharage yalipoiva tukayapakua, tukaigeuza kutazama. Kitako kimeshika weusi upande mmoja tu, mwingine bado unang'aa. Hadija alipitisha kidole, akakiangalia. Hasemagi sana. Akairudisha jikoni, tupu, akachochea kuni.